Baba Alijua Geti Tu

Ukitaka kujua Fundi Mabango alifanya kazi wapi wiki hii, usimuulize. Tazama suruali yake. Doa jekundu ni bucha. Doa la kijani ni duka la dawa. Doa jeupe pale gotini ni siku aliyokuwa anaongea sana, akasahau kwamba ameshika kopo.

Kazi yake ni kuandika mabango. Herufi zake zimenyooka kuliko za mashine. Bango analolipenda kuliko yote liko juu ya geti la chuo kikubwa, kwenye barabara pana. Alipanda ngazi siku nne kuliandika. Tangu siku hiyo, kila akipita pale hupunguza mwendo.

"Chuo hiki nimekiandika mimi," humwambia yeyote aliye karibu, hata kama hajaulizwa.

Mke wake ni msafishaji wa wodi hospitalini. Wana mtoto mmoja tu, binti wa miaka kumi na saba. Jina lake halisi mtaani wameshalisahau. Wote wanamwita Bisibisi. Pasi ikigoma, anaitwa Bisibisi. Redio ikikohoa, anaitwa Bisibisi. Anafungua vitu na kuvirudisha, na akimaliza habaki na skrubu mkononi.

Bisibisi alitaka kusomea ufundi wa mashine za hospitali. Wazo hilo lilianza siku mama yake aliporudi kutoka kazini, akaketi kuvua viatu.

"Ile mashine ya kuwasaidia watoto kupumua imekaa kwenye korido mwezi wa tatu sasa," mama alisema. "Wameifunika shuka kama maiti. Hakuna wa kuitengeneza."

"Imeharibika nini?" Bisibisi aliuliza.

"Mwanangu, mimi nadeki sakafu. Nitajuaje?"

Matokeo ya shule yalipotoka, Bisibisi alikuwa amefaulu vizuri. Aliomba vyuo viwili, na vyote vikamkubali. Kimoja ni kile cha barabara pana. Kingine ni chuo cha zamani, nyuma ya maghala ya nafaka. Majengo yake ni ya chini na bati limepauka. Vyote viwili vinasifiwa. Kozi aliyoomba ilikuwa na jina lile lile kote kuwili.

Ujumbe uliingia kwenye simu ya baba, maana namba yake ndiyo iliyojazwa kwenye fomu. Ulisema hivi: thibitisha chuo kimoja kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Chini yake palikuwa na namba ya siri.

Ilikuwa Jumanne. Baba alikuwa kibandani kwake na muuza nyama, aliyekuja kuchukua bango lake.

"Binti yangu kapata vyuo viwili," baba alisema.

"Hongera. Kipi kizuri?"

"Hilo nalo swali? Kile nilichokiandika mimi."

Akabonyeza namba. Akathibitisha. Wakapeana mikono. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko kufungua kopo la rangi.

Jumatano jioni baba alimkuta Bisibisi amepakata feni ya jirani.

"Mambo yako tayari," baba alisema. "Nimeshathibitisha."

"Umethibitisha nini, baba?"

"Chuo. Kile kikubwa."

Bisibisi aliiweka feni chini polepole. "Nilitaka kwanza niende nikavione vyote viwili."

"Mimi nimekiona kwa niaba yako. Siku nne nzima."

"Uliona geti, baba."

Mama aligeuza uso ili asicheke. Baba hakucheka.

"Watu wanatoka mbali kuingia pale," alisema. "Wewe unataka kusoma na panya wa maghala?"

Siku ya pili yake, Alhamisi, mwenye feni alikuja kuichukua. Huyu ni Bi Miwani, jirani yao. Yeye ni karani wa udahili kwenye chuo cha ualimu. Kazi yake ni kupokea maombi ya wanafunzi wapya. Alimwona Bisibisi ana macho mekundu, akauliza kuna nini. Wakamweleza.

"Jirani, mimi sina upande," alisema. "Chuo changu hakifundishi mashine. Hivyo vyuo vyote ni vizuri. Lakini ni vizuri kwa nani? Kwa kazi gani?"

"Kozi si ni moja?" baba aliuliza.

"Jina ni moja. Yaliyo ndani yanaweza kuwa tofauti kabisa. Uliza kila chuo: kwa wiki, mwanafunzi anashika vifaa saa ngapi? Anapelekwa wapi kwa mafunzo ya vitendo? Waliomaliza wanafanya kazi gani sasa? Na usiwaulize wakubwa peke yao. Watafute wanafunzi wa mwaka wa pili wakati wa chakula. Mtu mwenye njaa hasemi uongo mrefu."

Mama alicheka kidogo. "Na mambo ya usajili?"

"Umeuliza la maana. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa, lakini kozi mpya bado. Uliza yote mawili, chuo na kozi."

"Sasa si nimeshathibitisha," baba alisema.

"Mpaka kesho saa kumi unaweza kufuta, kwa namba ile ile. Nendeni kesho asubuhi mkavione. Baada ya hapo nafasi anapewa mwingine. Na usinikasirikie, jirani. Simu ni yako, lakini ile namba ya siri ni ya mtoto."

Baba alikuna doa la rangi kwenye kidole. "Kesho nina bango la duka la viatu. Tutakwenda Jumatatu. Chuo hakina miguu."

"Chuo hakina," Bi Miwani alisema. "Nafasi inayo."

Bisibisi alimtazama baba yake. Baadaye baba aliyakumbuka sana macho yale. Bango la viatu lingeweza kusubiri. Mwenye duka mwenyewe alishasema hana haraka.

Jumatatu walikwenda. Kwenye chuo kikubwa baba alipita chini ya geti kwa mara ya kwanza. Madarasa yalikuwa safi, viti vipya, maktaba imejaa. Karibu na bomba la maji walimkuta kijana wa mwaka wa pili anaosha sahani.

"Hapa tunasoma zaidi usimamizi," aliwaambia. "Jinsi ya kuchagua mashine, kutunza kumbukumbu zake, kupanga matengenezo. Kuzifungua ni mwaka wa tatu. Mimi nataka kuwa meneja, kwa hiyo pananifaa."

Bisibisi alimshukuru. Wakaondoka kwenda chuo cha nyuma ya maghala.

Huko karakana ilinuka grisi. Juu ya meza ndefu mashine zilikuwa wazi, matumbo nje. Msichana mmoja alikuwa anahangaika na mizani ya kupimia watoto wachanga.

"Siku tatu kwa wiki tuko humu," alisema. "Siku mbili darasani."

Bisibisi aliinama kutazama. Mwalimu wa karakana alimwona.

"Unaona tatizo?"

"Springi imepinda. Hii ndogo ya chini."

Mwalimu aliitazama. "Kweli. Wewe uko mwaka wa ngapi?"

"Sijaanza, mwalimu."

Baba alisimama mlangoni. Alimwona binti yake anatabasamu, akatambua kwamba hakuwa amemwona akitabasamu tangu Jumatano. Akatangulia mwenyewe kwenda ofisini.

Karani alifungua daftari. "Jina lake lilikuwepo. Muda ulipoisha Ijumaa, tuliliondoa. Jumamosi nafasi akapewa aliyekuwa anasubiri."

"Hamwezi kuongeza kiti kimoja tu?"

"Viti vipo, mzee. Meza za kazi ndizo hazipo. Kila meza ina wanafunzi wawili. Nikiweka wa tatu, atabaki mtazamaji."

Walipofika nyumbani, mama alikwenda kumwita Bi Miwani.

"Njia ziko mbili," Bi Miwani alisema. "Anaweza kwenda chuo kikubwa. Si kibaya hata kidogo. Au asubiri, aombe tena mwakani. Akisubiri, msiache kimya kimya. Andikeni barua ya kufuta ile nafasi, mpate jibu, mlitunze. La sivyo jina lake linaweza kunasa huko likamsumbua mwakani. Kila mahali pana utaratibu wake, kwa hiyo ulizeni ofisi ya udahili."

Baba alimgeukia binti yake. "Wewe unasemaje, mwanangu?"

Swali hilo lilikuwa limechelewa siku sita.

"Nitasubiri," Bisibisi alisema. "Ila wenzangu wote wanaondoka, baba."

"Nisamehe," baba alisema.

Waliandika barua ya kufuta, jibu wakalitunza. Mwaka ule ulikuwa mrefu. Wenzake walipita na masanduku yao kuaga. Bisibisi aliwasindikiza mmoja mmoja, kisha akarudi kwenye kibanda cha fundi redio alikokuwa anasaidia kazi. Hakulalamika. Baba aliona afadhali angelalamika.

Maombi yalipofunguliwa tena, fomu ilijazwa namba ya Bisibisi mwenyewe. Ujumbe ulipoingia, wote watatu walikaa mezani. Walisoma tarehe ya mwisho kwa sauti. Waliuliza usajili wa chuo na wa kozi. Bisibisi alibonyeza. Baba alikuwa ameweka mikono nyuma.

Sasa Bisibisi anasoma nyuma ya maghala. Mwezi uliopita walipelekwa hospitali moja ndogo kwa vitendo, na kundi lake likarudisha pampu mbili kazini. Alipiga simu nyumbani akaeleza kila nati. Mama alielewa nusu, akafurahia yote.

Wiki hiyo hiyo kinyozi wa kona alikuja kibandani kuagiza bango.

"Fundi, mdogo wangu wa mwisho kamaliza shule," kinyozi alisema. "Wewe ni mzoefu. Chuo kipi kizuri?"

Baba aliweka brashi chini. "Mtoto mwenyewe anasemaje?"

"Mtoto anajua nini?"

"Vuta kiti," baba alisema. Akamweleza yote: kutembelea, kuuliza vitendo, kuuliza usajili, kuheshimu tarehe, na kumwachia mtoto namba yake.

Kinyozi alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe. Na Bisibisi si yuko mwaka wa pili sasa? Alimaliza shule na mdogo wangu yule mwingine."

"Yuko wa kwanza."

"Alifeli?"

"Hapana. Hakufeli kitu," baba alisema. "Huo mwaka niliula mimi."