Aliyepokea Simu ya Bonge

Bisha basi, maana najua utabisha. Rafiki yangu Bonge, mwembamba kama waya, ni fundi friji, na bosi wake hataki mchezo: usipopokea simu, kazi huna. Juzi mchana aliingia chumba cha baridi cha bucha moja. Simu akaiacha nje juu ya ndoo, kwa sababu mle ndani haishiki mtandao. Mlango ukajifunga, taa ikazimika. Akagonga mpaka viganja vikafa ganzi. Ndipo akasikia simu yake ikiita huko nje, mlio ukakatika, na mtu akasema, "Haloo." Bonge anaapa sauti ile ilikuwa yake mwenyewe.

Nani alimfungulia? Mimi hapa, kwa teke moja. Nje hapakuwa na mtu, ila simu ilikuwa na joto kama imetoka sikioni.

"Ulikuwa unaongea na nani, kaka?" nikamuuliza kwa kumtega, namkazia macho.

"Niongee vipi na nimefungiwa?"

Sasa kipande nilichokiruka. Aliyepiga nilikuwa mimi, nikiwa njiani kumfuata. Na sauti ya Bonge iliniambia taratibu, "Kaka, ukifika, usimfungulie huyo aliye ndani."