Barua ya Sanduku la Tisa

Theluji ilifunga shule ya chekechea, kwa hiyo siku ile nilikwenda kazini na binti yangu Posy, wa miaka mitano. Mimi ni mfanya usafi kwenye hifadhi ya nyaraka ya mji wetu, jimboni Massachusetts. Kilibaki chumba cha kusomea tu, turudi nyumbani.

Bi Lorna, mtunza nyaraka, alimmegea Posy nusu ya mkate wake wa mahindi.

"Mbona mdogo hivi? Wasomaji wangu wote wana ndevu!"

"Hata wewe huna ndevu, bibi."

Bi Lorna akacheka mpaka akavua miwani. "Haya, jaza fomu kama mtu mzima."

Akampa penseli. Kila anayetaka kusoma barua za Ruhama Wetherell, mshairi wetu aliyekufa mwaka 1871, huandika kwanza jina lake. Bi Lorna hakuwa na ubaya. Alitaka mtoto afurahi.

POSY, mwanangu akaandika. S aliigeuza.

Bi Lorna akaleta sanduku la tisa. "Hizi hatujui alimwandikia nani," akaniambia. "Zinaanza na 'Mpenzi', halafu pengo."

Akafunua.

Harufu ikatoka... sufu iliyolowa, na udongo.

Kwenye pengo la barua ya juu palikuwa na jina. Wino wa kahawia, mkavu, mwandiko wa Ruhama mwenyewe.

Mpenzi Posy.

"Umeandika wewe?" nilimnong'oneza Bi Lorna.

"Humu wino hauingii, Marnie. Unajua."

Akachukua kifutio, akalisugua jina kwenye fomu mpaka karatasi ikachanika. La kwenye barua halikutikisika.

Posy alikuwa ametulia, shingo kaiinamisha upande ambao hapakuwa na mtu.

"Mama... mkono wake una baridi."

Begani, gauni lake lilikuwa limebonyea.

Vidole vitano.

Bi Lorna alilivuta sanduku mbali na Posy. "Ipo nyingine yenye jina. Delphine. Siku zote nilidhani ni mtoto wa zamani zile." Akamtazama Posy. "Mwenzangu aliyeshika kazi hii kabla yangu alimzika binti yake, Delphine. Mwaka 1974. Watu walisema mama alikuwa akimsomea barua moja kitandani. Siku alipofika mwisho..."

Sikungoja. Nilimbeba mwanangu, nikakimbia.

Usiku ule pumzi zake zilianza kukatika. "Nisomee barua yangu," alisema, midomo ya bluu. Daktari hakuona ugonjwa.

Nilimpigia simu Bi Lorna, akaileta mwenyewe, akikata theluji kwa miguu, barua kaificha ndani ya koti. Miaka thelathini hakuwahi kutoa hata karatasi moja mle ndani. Alilia mlangoni, sikuweza kumchukia.

Nilisoma sentensi moja. Pumzi zikarudi.

Tangu hapo nasoma moja kwa siku. Nikiruka siku, anaanza kupoa. Nilijaribu kurudia ya jana, akatikisa kichwa: "Hiyo ameshaniambia."

Barua ni kurasa mbili tu.

Leo asubuhi Posy ameniomba nisome mbili kwa mpigo. Anasema mwenzake amechoka kusubiri.

Zimebaki sentensi nne.