Sigara Kwenye Chetezo

Pakiti ya sigara ilikaa juu ya friji siku tisa bila kuguswa, na hilo ndilo lililomtia Bi Tunu kiwewe.

"Huyu si mwanangu," alimnong'oneza mkwewe jikoni. "Sefu amevuta tangu ana miaka kumi na sita. Nani anatoka hospitali kaisahau sigara kama kofia?"

Hafidha aliendelea kumenya ndizi kwa hasira. Miaka kumi na tisa alikuwa amemlilia mumewe aache. Alificha pakiti, alinuna, alilala chumba cha watoto. "Si uache tu?" ndilo lilikuwa neno lake la kila siku. Sefu aliapa, akatetemeka, akagombana na kila mtu, akarudi kulekule, hata baada ya kuambiwa pafu moja limeharibika na la pili liko njiani. Kisha akatumbukia kwenye shimo la gereji, kichwa kikagonga chuma, na alipozinduka ile hamu haikuwepo. Daktari alieleza kwamba sehemu ya ubongo inayomfanya mtu aisikie hamu hiyo imeumia. Hutokea, ingawa ni kwa nadra. Hafidha alisujudu palepale wodini. Leo mama mtu anaiita neema hiyo ugonjwa!

"Mama, mwache apone."

"Haikufa hamu hiyo, mwanangu. Imetoka tu. Imo humu ndani."

Hafidha angempuuza, lau si ile harufu. Ilianza saa kumi alasiri, saa ambayo Sefu alizoea kurudi kazini na kuwasha sigara. Moshi mbichi sebuleni, madirisha wazi, upepo wa Meru unapita, na Sefu amelala chumbani. Siku ya pili kiti chake kililia kama mtu mzito amekikalia. Siku ya tatu njiti ya kiberiti ilikwaruzwa na mtu akavuta pumzi ndefu ya raha, pale pasipo na mtu.

Alhamisi Hafidha alirudi kutoka sokoni akamkuta Mzee Uwesu, mganga, amechuchumaa mbele ya Sefu, Bi Tunu kando yake. Kwenye chetezo, badala ya udi, sigara tatu ziliungua juu ya makaa. Sefu alikohoa hadi machozi yakamtoka.

"Tunamrudishia jini wake," mganga alinong'ona. "Akikosa kiti, mwili wa kukalia, atazunguka nyumba nzima."

"Sitaki," Sefu alisema kwa sauti ndogo. "Mke wangu, waambie sitaki."

Moshi haukupanda juu, ulitambaa zuliani kama unajua njia, ukafika miguuni kwa Sefu, ukapanda magoti, ukapanda kifua kile kibovu, na vidole vyake viwili vikaachana vyenyewe kama vya mtu anayesubiri kupewa, na Hafidha alipoviona vidole vile alivyovichukia miaka kumi na tisa, hofu yote ikageuka ghadhabu, akakipiga teke chetezo, makaa yakatawanyika, akasimama kati ya moshi na mumewe na kupiga ukelele kabla mtu hajamziba mdomo:

"Mwache! Unataka kiti? Kaa hapa! Njoo kwangu, mwanaharamu we!"

Mzee Uwesu alikusanya mkoba wake. "Neno hilo halisemwi, mama," alisema. "Umemkaribisha." Bi Tunu alimfuata nje, akarudi kwake Nduruma bila kuaga.

Harufu ilikwisha siku hiyohiyo. Sefu alilala usingizi wa mtoto, akaanza kutembea hadi msikitini bila kupumzika njiani. Hafidha alijiambia ameshinda, na alifurahi kwa hasira, kama mtu aliyemfukuza mwizi.

Jumatatu, saa kumi alasiri, alikuwa akianua nguo. Mikono ilimtetemeka. Mate yalimjaa kwa ajili ya kitu ambacho hakuwahi kukionja maishani. Aliingia ndani, akamfokea Sefu bila sababu, akavuta kigoda hadi kwenye friji.

Sefu alimkuta juu ya kigoda, sigara mdomoni, kiberiti mkononi, analia.

Alimtazama kwa huruma na kwa mshangao wa kweli. Kichwa chake hakikukumbuka tena hamu ile ilikuwaje.

"Mke wangu," alimwuliza kwa upole, "si uache tu?"

Hafidha alimtazama kwa chuki ambayo haikuwa yake, akawasha.