Kengele ya Chumba cha Baridi

Taa zilikuwa zinawaka na feni inazunguka, lakini programu inayoangalia betri za seva ilishikilia kwamba umeme umekatika. Zimebaki dakika arobaini, iliandika. Halafu thelathini na tisa. Kengele yake ikalia bii, bii, bii, mpaka ofisi nzima ya kiwanda cha maziwa ikaziba masikio.

Meneja akamwita Fundi, mwanamke wa maneno machache aliyezijua kompyuta za pale kuliko sufuria za jikoni kwake.

"Izime hiyo kengele. Inanipasua kichwa."

"Nikiizima, bosi, tutajuaje betri zina nini?"

"Mwaka jana si niliizima mwenyewe? Mbona hatukufa?"

Hatukufa! Mtu huyu hakuwa na haya hata ya kuazima. Mwaka jana kengele ililia kwa sababu betri zilikuwa zimechoka. Meneja aliingia kwenye programu, akaizima, akarudi kwenye chai yake. Wiki hiyo hiyo umeme ukakatika kweli, betri hazikushika, seva ikalala, na mlango wa chumba cha baridi, ambao hufunguliwa na seva hiyo, ukagoma. Ndani alikuwamo mama wa usafi. Aligonga mpaka nguvu zikamwisha. Meneja akawaambia wanawe kwamba mama yao alijifungia kwa uzembe wake, na watoto wakamzika vichwa chini, wanaona aibu.

Kazi ya yule mama sasa ilikuwa ya mdogo wake Fundi. Ndiyo maana Fundi hakuigusa kengele.

Alichomoa waya unaopeleka taarifa za betri kwenye seva. Programu ikaendelea kuhesabu. Akaifuta programu yenyewe ili aiweke mpya, akaizima seva na kuiwasha upya, na seva ilipoamka programu ilikuwa pale pale, imebakiza dakika tano. Hapo ndipo aliposikia ngo, ngo, ngo ndani ya kabati la betri, hodi ya mtu aliyechoka, na papo hapo baridi ikaanza kumpanda kutoka vidoleni, harufu ya sabuni ya kudekia ikajaa chumba kizima, harufu iliyokuwa ikimtangulia marehemu kila alipopita koridoni na ndoo yake.

"Bosi," alinong'ona, "unasikia?"

Meneja alikuwa amenywea. "Ni... ni panya."

"Panya hapigi hodi, bosi."

Dakika mbili. Fundi akakumbuka kwamba saa hizi mdogo wake huwa anadeki chumba cha baridi, na moyo ukampasuka, akatimua mbio koridoni akimwita, na nyuma yake Meneja anahema, si kwa kumpenda yule binti bali kwa kuogopa kubaki peke yake na lile kabati.

Walimkuta amesimama nje ya mlango ulio wazi, mikono mitupu. Fundi akamkumbatia, nusura amvunje mbavu.

"Umetokaje?"

"Kuna mama kaniambia nitoke, dada. Kachukua dekio langu, kasema atamalizia yeye."

Kutoka ndani ilisikika sauti ya dekio likikokotwa sakafuni, taratibu. Woga wa Meneja ukageuka hasira.

"Kumbe ni watu mnanichezea! Nani kaingia humu bila ruhusa yangu?"

Akaingia.

"Dada," mdogo mtu alisema kwa sauti ya chini, "yule mama vidole vyake vimechubuka vyote."

Taa zikazimika, na mlango ukajifunga.

Fundi alivuta kishikio, akavuta tena kwa uzito wa mwili wake wote, kisha akakimbia kurudi kwenye seva, maana hata mwovu hafai kuachwa afe hivyo. Skrini ilikuwa inang'aa kwa utulivu. Umeme upo. Betri zimejaa. Mlango wa chumba cha baridi uko wazi. Kengele imezimwa.

Yeye hakuwa ameizima. Alibonyeza kitufe cha kufungua mlango, na programu ikamjibu kwamba mlango ulikwisha kufunguliwa. Alibonyeza mpaka kidole kikamuuma, jibu likawa lile lile.

Aliporudi, mdogo wake alikuwa ameweka sikio mlangoni, machozi yanamtiririka. Dekio lilikuwa bado linakokotwa, bila haraka.

"Yuko hai?" Fundi aliuliza.

"Anagonga."

"Anasema nini?"

"Anaomba tupige kengele."