Sindano Chumbani kwa Mwali

Wiki hiyo, katika nyumba ya Mzee Mwishehe huko Kiwalani, kila mtu alikuwa na kazi yake. Mzee mwenyewe alizunguka mitaani kutafuta turubai la kukodi. Mkewe, Mama Najat, alikaa uani akichambua mchele. Najat alikuwa ndani.

Najat alikuwa binti wa miaka ishirini na minne. Jumamosi angeolewa na Jamali, fundi wa friji kutoka Bunju. Kwa desturi ya ukoo wao, binti anayekaribia kuolewa huitwa mwali, naye hukaa ndani kwa siku saba. Hapigwi na jua. Haonwi na watu baki. Kila alasiri huja somo wake, yaani mwanamke mtu mzima aliyekabidhiwa kazi ya kumfunda na kumtunza. Somo wa Najat alikuwa Bi Tunu. Alikuja na bakuli lake la liwa, karafuu na mawaridi yaliyosagwa, akamsinga mwali wake taratibu, mpaka ngozi ikalainika na chumba kizima kikanukia.

Lakini baada ya kusingwa, siku bado ilikuwa ndefu. Najat alizoea kuuza dukani kutwa nzima na kuongea na watu. Sasa alikuwa na simu tu. Alijipiga picha asubuhi, akajipiga mchana, akajipiga jioni. Kila alipoitazama picha, aliiona pua. Siku ya kwanza aliiona pana. Siku ya tatu aliiona pana zaidi. Hakuelewa pua inawezaje kukua ndani ya siku tatu.

Akamwandikia Jesca, mpambaji wa maharusi aliyekuwa na saluni mtaa wa pili. Jesca alimjibu kwa ujumbe wa sauti.

"Hiyo ishu ndogo, sista. Kuna dawa ya kujazia uso. Nakuchoma sindano mbili tu, mgongo wa pua unanyanyuka, pua inaonekana nyembamba. Dakika kumi na tano. Na kwa kuwa wewe mwali hutoki, mie nakuja huko huko."

Jumatano saa nne asubuhi, Jesca alifika na mkoba wake.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kumtengeneza mwali nyusi."

"Marahaba, mwanangu. Pita. Ila usizinyoe zikaisha, tukamkabidhi kwa watu kama yai."

Jesca alicheka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Alimlaza Najat kitandani. Akampaka spiriti puani, akachoma sindano ya kwanza, kisha ya pili. Kwenye ya pili Najat alishtuka. Maumivu makali yalipanda kutoka puani hadi katikati ya nyusi, na ngozi ya hapo ikawa nyeupe kama iliyopakwa chokaa.

"Jesca, inauma sana."

"Ni kawaida. Urembo una maumivu yake. Ukizidiwa weka barafu."

Akakusanya vitu vyake, akaaga, akaondoka.

Adhuhuri ilipita. Najat aliweka barafu, lakini maumivu hayakupungua. Alimwandikia Jesca mara tatu bila kujibiwa. Akageukia ukutani na kujifunika khanga. Mama yake alipomletea chakula, Najat alisema kichwa kinamuuma.

Saa kumi alasiri Bi Tunu alikuja na bakuli lake. Akaifunua khanga, akamgeuza uso kwenye mwanga. Kisha akaita kwa sauti ya chini.

"Mama Najat, hebu njoo."

Pua ya Najat ilikuwa imevimba. Kutoka ncha ya pua hadi katikati ya nyusi, ngozi ilikuwa na rangi ya zambarau iliyojichora kama nyavu. Pembeni palikuwa na mabaka meupe. Mama Najat aliutazama uso wa mwanawe, akalitazama bakuli, akamtazama Bi Tunu.

"Tunu, jana ulitia nini humu?"

"Liwa, mawaridi, karafuu. Vile vile vya siku zote."

"Karafuu ulizidisha. Umemwunguza mwanangu."

"Mie? Wewe mwenyewe nilikusinga kwa bakuli hili hili, ukaenda kwa mumeo unang'aa. Uliungua wewe?"

"Sasa kama si karafuu ni nini?"

"Mie najua? Pengine dagaa wako wa jana."

"Dagaa tulikula nyumba nzima. Iweje wamdhuru puani peke yake?"

Mzee Mwishehe aliingia uani akiwa na furaha. "Jamani, turubai limepatikana," alisema. Mabishano hayakukoma. Alisimama mlangoni, akasikia karafuu, akasikia dagaa, akasikia jicho la watu, na hakuelewa hata moja. Akauliza kama amwite shehe au anunue dawa ya mzio. Mkewe akamwambia afanye vyote viwili. Bi Tunu akamwambia asifanye chochote kwanza.

"Hospitali je?" aliuliza mzee.

"Mwali hatoki," alisema Mama Najat. "Kesho wanakuja mashangazi wa Jamali kumtazama. Wakisikia ameonekana barabarani na uso huu, tutasema nini? Tumfunike, tusubiri. Uvimbe hushuka wenyewe."

Najat alisikia yote. Alijua kwamba Bi Tunu anasingiziwa. Lakini alimwogopa mama yake, na alimwogopa Jamali kuliko mama yake. Akanyamaza.

Muda huo aliingia jirani yao Kokushubila, ambaye mtaa mzima ulimwita Nesi Koku. Alikuwa muuguzi katika wodi ya upasuaji, na alikuja kuleta sufuria aliyoombwa kwa ajili ya pilau. Aliposikia mabishano, aliweka sufuria chini, akanawa mikono, akaomba ruhusa ya kumwona mgonjwa.

Hakuuliza juu ya karafuu. Alibonyeza shavu la Najat kwa kidole, akakiondoa. Pale palipobonyezwa palipauka kidogo, na rangi ikarudi mara moja. Kisha akabonyeza pembeni ya pua kwa namna ile ile. Rangi haikurudi upesi. Nesi Koku alihesabu polepole hadi sita ndipo ikaanza kurudi.

"Damu haifiki hapa," alisema. "Mama Najat, singo haifanyi hivi. Wala mzio haufanyi hivi." Akainama karibu na mgonjwa. "Najat, macho yako yanaona vizuri?"

"Yanaona."

"Huoni ukungu? Huoni mtu mmoja kama wawili?"

"Hapana, dada."

"Nani amekuchoma sindano usoni?"

Najat aligeukia ukutani. Nesi Koku alikaa kitandani.

"Sikuulizi ili nikugombeze. Sehemu hii ya ngozi ina njaa ya damu. Ikikaa na njaa hadi kesho, inaweza kufa, na ikifa itaacha kidonda na kovu la kudumu. Dawa ipo, lakini inategemea muda. Kila saa unayonyamaza, unapoteza kipande cha pua yako."

"Jesca," alisema Najat. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Asubuhi. Saa nne."

Mama Najat alikaa sakafuni taratibu. "Si alikuja kutengeneza nyusi?"

Bi Tunu alilifunika bakuli lake kwa kawa.

"Mie sielewi," alisema Mzee Mwishehe. "Sindano ya pua inazuiaje damu?"

"Mzee, chukulia mpira unaopeleka maji kwenye pipa," alisema Nesi Koku. "Mtu akisukumia uji mzito ndani ya mpira, maji yatapita?"

"Hayatapita."

"Basi. Ile dawa ya kujazia ni nzito kama uji. Ilitakiwa ikae chini ya ngozi. Inaonekana imeingia ndani ya mshipa wa damu, au imeubana. Na barafu imeongeza tatizo, kwa sababu baridi hukaza mishipa. Toeni barafu hiyo. Sasa nahitaji boksi la dawa aliyochomwa. Bila boksi, daktari hatajua anayeyusha nini."

Nesi Koku alimpigia Jesca kwa simu yake mwenyewe. Jesca alipokea, na alipojua ni nani, alitaka kukata.

"Dada, nisikilize. Sijaita polisi. Nataka boksi. Ukilitupa, utamwachia mwenzako kovu maisha yake yote. Tuletee sasa hivi."

Kikabaki kikwazo kimoja. Mama Najat alikuwa bado amekaa sakafuni.

"Nimtoeje?" aliuliza. "Siku saba hazijatimia. Watu watasema ana mkosi, watasema tumeficha ugonjwa."

Ndipo Bi Tunu alipoinuka.

"Nani aliyemweka ndani?"

"Wewe."

"Basi mwenye ruhusa ya kumtoa ni mie. Tunawaweka ndani ili tuwatunze. Nikimwacha aoze puani kwa sababu ya siku tatu zilizobaki, nitakuwa nimemtunza nini? Najat, vaa baibui. Mzee, tafuta bajaji."

Walipokuwa wakipanda bajaji, Jesca alifika mbio akihema, na boksi mkononi. Hakumtazama mtu machoni. Mama Najat alilipokea, akalishika kwa mikono miwili, akapanda.

Katika hospitali ya rufaa walipokewa na Dokta Venance, bingwa wa upasuaji wa uso. Alibonyeza pua kama alivyofanya Nesi Koku, akapima macho, kisha akasoma boksi.

"Mna bahati," alisema. "Hii ni ya aina ya hayaluroniki, nayo ina dawa ya kuyeyusha. Zipo nyingine ambazo haziyeyushwi."

Dawa ya kuyeyusha ililetwa kutoka idara ya macho, ambako hutumika kwa kazi nyingine. Dokta alimchoma Najat mara kadhaa pale palipobadilika rangi, akampapasa taratibu, akamwekea kitambaa cha uvuguvugu. Baada ya saa moja alirudia. Mama Najat alisimama pembeni akiitazama pua ya mwanawe bila kupepesa. Mara ya pili daktari alipobonyeza, wote walihesabu kimoyomoyo. Walipofika tatu, rangi ilirudi.

"Damu inapita," alisema Dokta Venance.

Najat alilala hospitali siku mbili. Asubuhi ya pili mama yake alimwuliza daktari swali lililokuwa likimsumbua.

"Dokta, mie nimechanganyikiwa. Haya mambo ni haramu kiafya au si haramu? Maana wapo wanaochomwa, tunawaona wanapendeza."

"Mama, mie nafanya kazi hii. Narekebisha nyuso za walioungua na walioumia kwenye pikipiki. Na wapo wanaotaka kubadilisha sura tu, nao nawasikiliza. Hata mikononi mwangu jambo hili linaweza kutokea. Tofauti ni kwamba mie nimesomea njia za mishipa ya uso, nina leseni, na dawa ya kuyeyusha inakuwa mezani kabla sijashika sindano. Mtu anayekuja na mkoba chumbani hana hayo. Kabla ya kukubali, mgonjwa aulize: nani ananichoma, ananichoma kitu gani, na mambo yakiharibika atafanya nini? Asiyejibu moja kati ya hayo, aachwe."

Kisha akamgeukia Najat. "Na wewe, nini kilikufanya uichukie pua yako?"

Najat alimwonyesha picha. Daktari alizitazama, akaichukua simu, akasogea nyuma hatua nne, akampiga nyingine.

"Linganisha."

Katika picha ya daktari, pua ilikuwa ndogo. Najat alidhani ni kwa sababu ya matibabu.

"Hapana," alisema Dokta Venance. "Simu ikishikwa karibu na uso, kilicho mbele huonekana kikubwa. Watafiti wamelipima jambo hili. Wewe ulikaa siku nne unatazama pua ambayo huna."

Najat aliporudi nyumbani, Mzee Mwishehe alikwenda Bunju mwenyewe kueleza ukweli. Jamali alisikiliza hadi mwisho.

"Kwani nani alimwambia pua yake ina kasoro?" aliuliza. "Mie nilimwona dukani miezi minane, sikuwahi kuiona."

Harusi iliahirishwa kwa wiki mbili. Ilipofika siku yenyewe, pua ya Najat ilikuwa imerudi umbo lake la kuzaliwa. Lilibaki doa dogo katikati ya nyusi. Jesca alimwomba Najat radhi mbele ya Mzee Mwishehe na mkewe. Hadi leo anasuka na kuchora piko, lakini sindano ameziacha.

Miezi mitatu baadaye, Bi Tunu alikabidhiwa mwali mwingine, aliyeitwa Siwatu. Siku ya kwanza, kabla hajafungua bakuli, Bi Tunu alimwuliza swali ambalo zamani hakuwa nalo.

"Kuna mtu amekuchoma kitu usoni, au atakuja kukuchoma?"

Siwatu aliangalia chini. "Alhamisi, somo. Ni midomo tu."

Bi Tunu hakugomba. Alitoka nje, akampigia Najat.

Najat alikuja jioni ile ile. Alikaa kitandani, akamwambia Siwatu aguse doa lake. Akamweleza juu ya maumivu, nyavu za zambarau, na mama yake aliyekaa sakafuni. Kisha akampiga picha mbili, moja kwa karibu na nyingine kutoka mlangoni, akampa simu.

Siwatu alizitazama moja baada ya nyingine.

"Mbona kama watu wawili?"

"Ni wewe yule yule. Anayekuona kwa hapa karibu ni simu peke yake. Sie wengine tunakuona kutoka mlangoni."

"Lakini nimeshamwambia aje."

"Mwulize maswali matatu." Najat akamtajia.

Siwatu aliandika, akatuma. Walisubiri. Bi Tunu alikoroga liwa kwa maji ya mawaridi. Jibu lilipokuja, Siwatu alilisoma kwa sauti: "Sista, mbona maswali mengi, wewe unataka au hutaki?"

Alisoma mara ya pili, kimya kimya. Kisha akaandika neno moja, "Sitaki," akaiweka simu kifudifudi, na kumpa Bi Tunu uso wake.