Diski Bila Ganda Lake

Kwach!

Plastiki ilipasuka upande wa pili wa ukuta. Kwach! tena. Kisha meno ya plastiki yakaanza kukatika, moja baada ya jingine.

Rosalind Kuzyk, jasusi wa kitengo kisicho na kibao mlangoni, alikuwa amejibanza chooni, nyuma ya duka la kutengeneza kompyuta jijini Winnipeg. Bastola aina ya SIG kiunoni. Redio sikioni.

"Bosi. Anabandua kasha la diski."

"Kwa nini?" Lavallée aliguna kutoka makao makuu.

"Ili aifiche. Tulia."

Asubuhi ile Darcy Penner, fundi wa kompyuta wa serikali, aliiba diski hiyo ya nje ofisini, akaificha chini ya koti. Ndani yake mlikuwa na majina ya watoa habari kumi na wanne, na nyumba wanamolala. La tisa lilikuwa la Ines Fontaine, mjamzito wa miezi minane. Kuzyk ndiye aliyemshawishi aongee. Majina yakimfikia mnunuzi, Ines hatajifungua.

Kuzyk alichungulia.

Penner aliichomoa diski ikiwa uchi, akaichomeka katikati ya diski kuukuu mia mbili ndani ya kreti, kama mwizi anavyoficha mbuzi kundini. Kasha akalitupa pipani bila kulitazama. Ndiyo desturi ya mafundi wa mji ule: hununua diski ya nje, huipasua, hula kiini, hutupa ganda.

Kuzyk alitabasamu. Tabasamu baya.

Nje, baridi ilikuwa ya kugandisha mate kabla hayajatua. Ford nyeusi ilinguruma. Mtu mwenye ndevu alipokea kreti mlango wa nyuma.

"Naiona kwenye kamera ya mtaani, inaondoka!" Lavallée alifoka. "Piga tairi!"

"Mwache aende."

"Una wazimu? Mle mna roho kumi na nne!"

"Hamna hata moja, bosi. Ziko kwenye pipa la taka."

Ford ikakata kona.

Kuzyk akatoka chooni. Penner alikuwa akitafuna donati. Mdomo wa bastola ukamgusa paji la uso.

"Umechelewa, dada," Penner alicheka, sukari midomoni. "Ndege keshapaa."

"Kapaa bila mbawa."

Akalitoa kasha pipani, akachomoa bodi ndogo, upana wa kidole gumba.

"Hii nini?"

"Adapta tu. Ya kuchomekea waya wa USB. Takataka."

"Fundi mzima! Chipu hii ilifunga kila neno kabla halijaandikwa kwenye diski. Kila kasha la ofisini lina ufunguo wake. Diski ile ukiiweka kwenye kasha lingine, itasoma tupu. Umewauzia chuya, bwana Penner."

Donati ilianguka.

Kuzyk akaiweka bodi sakafuni. Kisigino kikashuka. Chipu ikawa unga.

"Wana... wana kompyuta ndani ya gari," Penner alinong'ona.

"Najua."

Simu ya Penner ikaita mezani. Aliitazama kama nyoka. Ikakata. Ikaita tena.

"Nikamate! Nifunge pingu, nipeleke jela, popote! Hawa watu hukata vidole, dada. Kimoja kimoja!"

"Ines naye ana vidole. Na mwanawe ana kumi, bado havijaona jua."

Akamfunga pingu kwenye bomba la kupashia joto.

"Si uliziomba?"

Kisha akaongea redioni na kikosi chake kilichojificha mtaani, sauti kavu kama theluji ya Januari. "Vijana, wanarudi. Zungukeni jengo. Mtu wetu asiingie mpaka niseme."

Ngurumo ya Ford ilisikika tena, ikikaribia. Breki zikalia mbele ya duka. Milango miwili ya gari ikabamizwa kwa pamoja.

"Usiniache!" Penner alilia, akivuta pingu hadi damu. "Dada! Dada yangu! Kwa jina la Mungu!"

Kuzyk alivaa glavu, ya kulia, kisha ya kushoto. Akashusha kofia ya sufu masikioni. Alipofika kwenye mlango wa nyuma, akageuka.

"Nakuahidi, Penner. Wakifika kidole cha tatu, nitaingia."