Vilele Chini ya Mawimbi

Kisomamoyo kilishusha mkono wa umeme juu ya kifua cha Bi Mize, kikaanza kuhesabu: ishirini, kumi na tisa, kumi na nane. Mashine hiyo, fahari ya hospitali moja jijini Tanga mwaka 2094, ilisoma mioyo mia mbili kwa wakati mmoja. Ikiona moyo umepotea njia, iliupiga umeme kuurudisha, bila kungoja mtu.

Kwenye kioo mawimbi yalikuwa mapana, yamefuatana mbiombio. Moyo mzima huchora kilima kidogo, halafu kilele chembamba, halafu kilima cha kupumzika. Mapana namna hii maana yake vyumba vya chini vya moyo vimejitwalia mwendo, na damu haifiki vizuri kichwani.

"Rudi nyuma, Mwanakombo," alisema Daktari Shemdoe.

Mwanakombo alikuwa mbandikaji. Alibandika vibandiko vifuani na mikononi, kazi ambayo darasa la saba liliitosha. Ila kwa miaka mitatu, akishabandika, alikuwa akibaki kukitazama kile kioo.

"Daktari, tazama chini ya mawimbi. Kuna vilele vyembamba, vinakwenda taratibu wala havijali. Moyo wake ni ule. Haya makubwa yanatoka kwingine."

"Kisomamoyo hakijakosea miaka tisa."

Kumi. Tisa.

Mwanakombo akafunua shuka. Vidole vya Bi Mize vilikuwa vinasuka ukili wa mkeka upesi upesi, miyaa ya mkindu imemlalia tumboni.

"Bibi, acha mikono!"

"Niache nini, nawe? Nimebakisha pima moja tu! Mmenilaza hapa kama gogo."

"Tulia kidogo, nitakumalizia mimi."

"Wewe? Ukili wako utapinda kama mkia wa mbwa." Lakini akatuliza mikono.

Mawimbi yakalala palepale. Vikabaki vilele, sabini kwa dakika. Hesabu ikakatika kwenye tatu.

Daktari akafungua kumbukumbu za miaka tisa. Ripoti zote zilisema wanawake wa huku wana mioyo dhaifu, maana walipigwa umeme mara tatu zaidi ya wanaume. Wanawake wanne hawakuamka.

"Tuliandika kwamba ni maradhi, kumbe ni ukili," alisema.

Mwanakombo akavuta kiti mbele ya kioo.

"Nifungulie wa kwanza kati ya hao wanne, daktari. Nikimaliza kumsoma, utaniambia wanawe wanakaa wapi, nikawaeleze."